Bi Kidawa Anunua Simu

Hapo kale, kale ya juzi tu, Bi Kidawa, muuza vitumbua, aliingia dukani kwa tajiri Maulidi kutafuta simu ya bei nafuu.

"Hizi za laki moja hazimalizi mwezi, mama," Maulidi alimwambia. "Chukua hii ya milioni."

"Sawa, baba. Nipe namba yako, nikishauriana na mume wangu nikupigie."

Alipotoka tu, akampigia kwa kitochi chake kikuukuu.

"Baba, mbona sauti yakatika? Simu yako mbovu?"

"Mbovu?" Maulidi aling'aka. "Mwaka wa tatu huu, haijanisumbua hata siku moja! Na chaji inakaa siku mbili!"

Bi Kidawa alichungulia mlangoni, akaitazama vizuri simu iliyokuwa sikioni mwa tajiri.

"Basi nifungie ya laki moja," alisema, "kama hiyo yako."