Pete za Gitaa za Mfalme Lukindo

Ipokee hadithi hii kwa mikono miwili, na ukishaisoma mpokeze mwingine, hasa yule mnayefanya naye kazi kila siku.

Katika nchi moja ya milimani alitawala mfalme aliyeitwa Lukindo. Alikuwa mfalme mwema, mwepesi wa kucheka, ila alikuwa na jambo moja: hakupenda kuonekana hajui. Watu wa baraza lake walilijua jambo hilo kuliko walivyoyajua majina ya watoto wao.

Mfalme alikuwa na binti mmoja tu, Mboni. Mboni alipochumbiwa na kijana wa nchi jirani, alimwendea baba yake na ombi.

"Baba, ng'ombe watakuwapo na vitambaa vitakuwapo. Mimi nataka kitu kimoja. Siku ya harusi yangu unipigie ule wimbo uliokuwa ukiniimbia nilipokuwa nakataa uji. Uupige wewe mwenyewe, kwa gitaa la Mahimbo."

Mfalme akacheka mpaka akafuta machozi, akakubali mbele ya watu wote.

Mahimbo ndiye aliyekuwa mpigaji wa baraza. Gitaa lake halikukumbatiwa kifuani kama magitaa mengine. Alililaza mapajani. Mkono wa kushoto uliteleza juu ya nyuzi na kipande cha chuma, na mkono wa kulia ulidonoa kwa pete zilizovaliwa kwenye ncha za vidole. Kila pete ilikuwa na ulimi mdogo uliopinda, na ulimi huo ndio uliogusa uzi. Sauti yake ilipanda na kushuka bila ngazi, kama ya mama anayebembeleza mtoto.

"Mahimbo," mfalme akamwambia, "nifundishe wimbo huo mmoja kabla mwezi mwingine haujaandama. Nikiuweza, utakaa karibu na kiti changu maisha yako yote. Nikiaibika mbele ya wageni, chukua gitaa lako utafute baraza jingine."

Siku ya kwanza Mahimbo alileta pete mpya katika mfuko wa ngozi, naye akavaa zake. Kabla hajasema neno, mfalme alizichukua zile mpya akazivika vidoleni. Na kwa kuwa kucha za mtu zipo juu ya vidole, mfalme naye akazielekeza ndimi za pete juu. Akaunyoosha mkono kama chui anayejinyoosha juani.

Ilikuwa kinyume kabisa. Ulimi wa pete hukaa chini, kwenye nyama ya kidole, mahali kidole kinapokutana na uzi.

"Zimenikaa?" mfalme akauliza.

"Zimekukaa kama ulizaliwa nazo, Mfalme!" akajibu Waziri Sengoda, ambaye hakuwahi kulishika gitaa hata kwa kulipangusa vumbi.

Mahimbo alifungua mdomo aseme. Akamkumbuka kinyozi aliyemwambia mfalme kwamba kichwa chake kina kona. Kinyozi yule hakuonekana tena barazani. Mahimbo akaufunga mdomo wake.

Somo likaanza. Kila mfalme alipodonoa, nyama ya kidole ndiyo iliyogusa uzi, na kidole kilipokuwa kikirudi, pete ilinaswa ikachomoka na kuruka. Moja ilitua katika kibuyu cha togwa cha waziri.

"Ni baraka," akasema waziri, akiivua kwa vidole viwili na kuilamba.

Mahimbo alirudi nyumbani akiwaza. Naona leo mfalme hakuziangalia pete zangu. Kesho akiziona zimeelekea chini, atajua kwamba zake zimekosewa. Ataona haya mbele ya watu, na haya ya mfalme huangukia kichwa cha mtu mwingine. Basi asubuhi akazigeuza pete zake, ndimi juu, akaenda barazani hivyo hivyo.

Waziri alipoona mfalme na mwalimu wake wamevaa namna moja, akatoa amri: kila mtu wa baraza avae pete, ndimi juu, kwa heshima ya harusi. Baada ya hapo hapakuwa na mtu barazani aliyeweza kujikuna sikio bila kujichoma.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mahimbo alijaribu kupiga na pete zilizogeuzwa ili azizoee. Mkewe, Namsifu, akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mume wangu, gitaa hilo ndilo lililonitoa kwa baba yangu. Leo linalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Umelogwa?"

"Namfuata mfalme."

"Si wewe ndiye mwalimu?"

"Ni mimi."

"Sasa mwalimu akimfuata mwanafunzi, anayeijua njia ni nani?"

Mahimbo akainama kukaza uzi ambao haukuwa umelegea.

Mwezi ukazidi kunenepa, na wimbo haukutoka. Barazani walikaa kutafuta kosa liko wapi. Mmoja akasema chuma ni kizito, zitengenezwe pete za shaba. Zikatengenezwa, zikaruka. Mwingine akasema shaba ni ya watu wa kawaida, mfalme anastahili fedha. Za fedha nazo zikaruka, tena mbali zaidi. Za dhahabu hazikuruka. Zilijikunja tu, kwa kuwa dhahabu ni laini, zikalala kwenye vidole kama maua yaliyokosa maji.

Kila kitu kilibadilishwa isipokuwa upande.

"Nimeligundua tatizo!" akasema Waziri Sengoda. "Zinaruka kwa sababu hazijabana. Turudi kwenye chuma, na zikazwe!"

Mhunzi akaitwa na koleo lake, akazikaza. Mfalme akapiga. Zikachomoka tena. Mhunzi akazikaza zaidi.

Ikafika siku moja kabla ya harusi. Wageni walikwisha kuonekana wakipanda mlima. Mfalme alikaa na gitaa mapajani, jasho likimtiririka, na ncha za vidole vyake zimegeuka rangi ya zambarau zilizoiva.

"Kaza tena kidogo," waziri akamwamuru mhunzi. "Safari hii zitashika."

Mfalme akafumba macho na kuuma mdomo, kama mtoto anayengoja kutolewa mwiba. Mhunzi akainua koleo.

Mahimbo akavitazama vile vidole. Alikuwa amefundisha watoto wengi, wenye akili nyepesi na wenye akili nzito, na hakuwahi kumwacha hata mmoja aumie kwa kosa ambalo yeye mwalimu alilijua. Huyu naye alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa na taji tu.

"Acha!" akapaza sauti.

Koleo likaganda hewani. Waziri akashika kifua.

"Mfalme wangu," Mahimbo akasema, "pete zako umezivaa kinyume. Ulimi unakaa chini."

Kuku aliyekuwa akidonoa punje mlangoni alisikika peke yake.

Mfalme akafumbua macho. "Nimezivaa kinyume tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe?"

Mahimbo akatazama mkono wake mwenyewe. "Mimi nimezivaa kinyume tangu siku ya pili."

Watu wakangoja radi. Lakini mfalme akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na alipokiinua walimwona anacheka hadi taji limekaa upande.

"Nisikilize, Mahimbo. Siku ya kwanza niliona ndimi za pete zako zimeelekea chini. Nikajua mmoja wetu amekosea, na nikashuku kuwa ni mimi. Niliona haya kukuuliza mbele ya Sengoda. Nikajisemea, kesho asubuhi nitamwuliza, liwalo na liwe. Asubuhi nikaja na swali langu mdomoni, nikautazama mkono wako, na pete zako zilikuwa kama zangu! Nikajisemea, kumbe aliyekosea ni Mahimbo, na sasa amejirekebisha."

Mahimbo hakujua acheke au alie, basi akafanya yote mawili.

"Zivue," mfalme akasema, "unifundishe kama unavyofundisha watoto."

Mahimbo akamvua pete zile na kuviloweka vidole vyake katika maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka rangi ikarudi. Kisha akaufungua ule mfuko wa ngozi.

"Nyembamba hutoa sauti nyepesi, nene hutoa sauti nzito. Wimbo wa mtoto anayekataa uji unataka nyembamba." Akamchagulia. "Ya kidole gumba ni ya pembe. Tunaitia kwenye maji ya moto ilainike, kisha tunaipa umbo la gumba lako. Gumba lako, si langu. Hizi mbili nyingine tunazibana kwa vidole tu, pole pole. Ulimi ufuate mviringo wa nyama. Sasa kung'uta mkono."

Mfalme akakung'uta. Hazikuanguka.

"Zinauma?"

"Haziumi."

"Basi zimekukaa."

Mfalme akadonoa uzi mmoja. Sauti ikatoka safi, ikateleza mpaka uani, na wanawake waliokuwa wakitwanga huko wakaacha michi kusikiliza. Mkono wa kushoto ulikwisha kuijua njia siku nyingi, ulikuwa ukiungoja wa kulia tu. Hadi jua linatua, wimbo ulikuwa umekamatika.

Siku ya harusi mfalme akakaa mbele ya wageni, gitaa mapajani, Mboni karibu naye. Akaanza vizuri. Alipofika katikati, kidole kikapotea, sauti ikapinda. Akamtupia jicho Mahimbo.

Watu wa baraza wakaanza kupiga makofi haraka haraka kulifunika kosa. Mahimbo akauinua mkono.

"Bado, Mfalme wangu," akasema, na wageni wote wakasikia. "Rudi nyuma kidogo, pale wimbo unapofika kwenye kijiko cha pili cha uji."

Mfalme wa nchi jirani, aliyekuja na bwana harusi, akageuka kumtazama Lukindo. Lakini Lukindo akatabasamu, akarudi nyuma mpaka kijiko cha pili, akaupiga wimbo mpaka mwisho bila kukosea. Mboni akafumba mdomo na kutikisa kichwa, vile vile alivyokuwa akiukataa uji, kisha akamkumbatia baba yake pamoja na gitaa, nyuzi zikalia zote kwa mara moja.

Funzo: Anayeona haya kuuliza na anayeogopa kusema huipoteza njia pamoja. Ukimpenda mtu, usivae kosa lake ili kumfurahisha. Mwambie kwa upole, tena mapema, kabla koleo halijainuliwa.