Mama Ngiri na Vitisho vya Fisi

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa shimo.

Nani kalichimba?

Hapo mmeuliza la maana. Alilichimba Mhanga, yule mnyama mla mchwa mwenye kucha za kufukulia, akalala humo, kisha akaliacha akaenda kuchimba jingine, maana ndiyo kazi yake na hana nyingine. Basi hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zetu hawajashika jembe, Mama Ngiri alilikuta shimo hilo tupu, akahamia na watoto wake watatu.

Sasa, ngiri ana desturi yake. Haingii nyumbani kwa kichwa. Watoto hutangulia, kisha mama huingia kinyumenyume, makalio yakitangulia, uso ukitazama mlango. Wewe Sikujua uliyekaa hapo mbele, acha kucheka. Fisi naye alicheka hivyo hivyo.

Fisi huyo alikuwa mzee, na meno yake mengi yalikwisha katika mifupa. Mvua zilikuwa zinakaribia, naye hakuwa na pa kulala. Kuchimba alikuwa mvivu, kuomba aliona ni kujishusha. Asubuhi moja akaja, akasimama mbali kidogo, kwenye kichuguu, akapaza sauti.

"Mama Ngiri, hama. Usipohama, nitauita ukoo wangu wote. Uko pale nyuma ya kilima."

Mama Ngiri aliamini. Hakwenda kuangalia nyuma ya kilima. Aliwatoa watoto, akainua mkia wima, akakimbia, nao wakaufuata mkia huo, maana ndani ya nyasi ndefu mtoto wa ngiri haoni kingine ila mkia wa mama yake. Naye mtoto huinua wake vivyo hivyo. Wakafika salama kwenye shimo jingine la Mhanga. Fisi akaingia kwenye lile la kwanza, akajinyoosha, akalala.

Alipoamka akawaza. Neno moja tu limempa nyumba, na neno halina gharama. Siku chache baadaye akaja tena, akasimama mbali vile vile. Safari hii alitaka shimo la kuwekea mifupa yake.

"Mama Ngiri, hama. Usipohama, nitaziba mlango kwa mawe, mfe kiu humo ndani."

Mbuga ile haikuwa na jiwe hata moja. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu mwenzetu hata kuumwa alikuwa bado.

Akawatoa watoto mchana kweupe, mkia juu, mbio. Lakini njia ya kwenda kutafuta shimo jingine nyasi zake zilikuwa fupi, zimeliwa na pundamilia. Tai alikuwa angani, akaiona mikia ikipita. Mama Ngiri alisikia kilio kifupi nyuma yake. Alipogeuka, watoto walikuwa wawili.

Mahali hapa huniuma kila ninapopasimulia. Mama yule alizunguka pale akiita, akanusa kila kichaka, akaona unyoya wa tai, akaita tena, na hakuna aliyeitika. Wale wawili walikuwa wanalia njaa. Ikambidi aende.

Jioni alimkuta Mhanga anatoka kwenda kazini. Akamweleza yaliyompata, akamwomba shimo la tatu. Mhanga ni mtu wa hasira za karibu. Akamuuliza kama Fisi ndiye aliyemla mtoto. Akajibiwa hapana, ni tai. Akamuuliza kama aliuona ule ukoo. Hapana. Na mawe je? Hapana.

"Kwa hiyo mimi nachimba, Fisi anapiga kelele, wewe unahama," Mhanga akasema. "Anapokutisha husimama wapi?"

"Mbali, kwenye kichuguu."

"Na wewe ukiwa ndani, uso wako huwa wapi?"

Mama Ngiri akakumbuka. Uso wake huwa mlangoni, na usoni ana meno yaliyochomoza, makali.

"Mwenye uwezo wa kukunyang'anya hakuambii uhame," Mhanga akasema. "Huja akanyang'anya. Anayekutisha anakuomba. Sasa ni juu yako kumpa au kumnyima." Akamwonyesha shimo, akaenda zake kuchimba.

Fisi akaja mara ya tatu. Safari hii hakuwa na haja ya shimo. Alikuwa amezoea tu.

"Mama Ngiri, hama, nisije nikaingia mwenyewe."

Kimya.

Mimi na wewe tungejibu. Tungesema, thubutu uone. Mama Ngiri hakusema kitu, maana kitisho kwa kitisho ni kelele mbili tu. Fisi akarudia kwa sauti kubwa. Kimya. Akarudia mpaka sauti ikamkauka. Kimya. Akadhani wamekwisha kuhama. Akashuka kichuguuni, akasogea, akainama, akaingiza kichwa kama mwenye nyumba.

Mama Ngiri akatoka kwa kishindo. Fisi alichanwa kuanzia shavuni hadi begani, akakimbia bila kuaga, na mbuga ile hakuikanyaga tena.

Watoto wawili walitoka wakaruka kwa furaha, wakamsifu mama yao. Yeye hakuruka. Alisimama anaitazama ile njia ya nyasi fupi.

"Meno haya nilikuwa nayo hata siku ile," akasema.

Basi ngano inatufunza hivi. Sisemi msiogope, hatari ya kweli ikimbieni, tena upesi. Lakini kitisho hakina mikono. Anayekipa mikono ni yule anayekitii. Kabla hujahama, kaangalie kwanza nyuma ya kilima.

Ngano yangu imekoma hapo. Ikiwa tamu, wapelekeeni wa nyumbani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.