Daktari Asajile na Ng'ombe wa Mama Sekela

Kinywa kinachoitikia hakisemi lake. Methali hiyo mmeisikia leo mkutanoni, pale mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno na sisi tukapiga makofi tu, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haikutoka kwa watu wa kale. Mwanzo wake niliuona kwa macho yangu, na kwa kweli sijivunii. Ilianza hivi.

Daktari wa mifugo wa huku milimani alikuwa Asajile, kijana mrefu aliyependa kuimba kuliko kula. Kila asubuhi alichemsha sindano zake kwenye sufuria, juu ya jiko la mkaa, akiimba beti tatu. Ubeti wa kwanza maji yakiwa baridi, wa pili yakianza kutokota, wa tatu akizitoa. Hakuhitaji saa. Siku hiyo alikuwa kwenye ubeti wa pili nilipofika kwake mbio, kanga imenivuka begani.

"Daktari, ng'ombe wa Mama Sekela amezaa usiku na sasa hainuki."

Alizima jiko, akachukua mkoba wake, tukaondoka.

Mama Sekela alikuwa mjane, jirani yangu. Binti yake alikuwa amefariki akijifungua, akamwachia mjukuu wa miezi mitano. Mtoto yule aliishi kwa uji mwepesi na vikombe vya kuombaomba, na sote tulikuwa tunahesabu siku ng'ombe azae ili mtoto apate maziwa. Mama Sekela alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu.

Tulimkuta ng'ombe amelala, shingo imepindia ubavuni, masikio ya baridi. Daktari alipiga magoti akamgusa. Ugonjwa huo anaujua kila mfugaji: ng'ombe akizaa, maziwa humnyonya nguvu zote. Dawa yake ni chupa moja ya kalsiamu, inayoingizwa taratibu katika mshipa wa shingo. Chupa moja humwinua. Mbili zikifuatana huweza kuusimamisha moyo.

Daktari aliuliza kama ilivyompasa, huku akifungua mkoba. "Mama, amepewa dawa yoyote?"

Mama Sekela alifungua kinywa. Lakini Daktari alikuwa ameshaanza kuimba, maana ndivyo alivyofanya kazi. Aliamini wimbo humtuliza ng'ombe na mwenye ng'ombe pia.

"Mama Sekela, ng'ombe wako atasimama."

Majirani tuliokuwa pale tukaitikia, "Atasimama, atasimama."

Lazima niwaeleze, kwa sababu siku hizi mmeacha. Hapa kwetu, kiongozi wa wimbo akikutaja jina, unaitikia mpaka anyamaze. Kumkatiza ni kumvua nguo mbele za watu, na akiwa mgeni zizini mwako ni vibaya zaidi. Mama Sekela alilelewa hivyo. Nilimwona akimtazama Daktari, akinitazama mimi, midomo ikitetemeka. Kisha akaitikia, "Atasimama, atasimama." Nami nikaona anasali.

Daktari akamtia dawa huku tukiimba, na ilikuwa imebaki robo ng'ombe alipotetemeka mwili mzima. Akavuta pumzi mbili ndefu. Ya tatu haikuja.

Wimbo ulikatika. Hapo ndipo Mama Sekela aliponong'ona kitu ambacho mimi sikukisikia, huku akielekeza kidole kwenye nyasi kando ya uzio. Palikuwa na chupa tupu ya dawa ileile. Mhudumu wa mifugo wa kijiji cha jirani alikuwa amepita alfajiri akamdunga ng'ombe, akaenda zake. Sisi hatukuijua habari hiyo wakati ule; tulidhani chupa ni yake. Daktari aliitazama ile chupa. Akainama, akaiokota, akaitia mkobani pamoja na vifaa vyake.

"Poleni," akasema. "Ugonjwa ulikuwa umefika mbali."

Tukamshukuru. Naam, tulimshukuru.

Tangu kesho yake, Daktari alipeleka lita moja ya maziwa kwa Mama Sekela kila asubuhi, kwa mkono wake, kabla ya kwenda popote. Mtoto akanenepa. Lakini kuimba akaacha. Kanisani alikaa nyuma akifungua kitabu bila kutoa sauti. Tukisema, "Huyu kijana ana moyo wa dhahabu," alitazama viatu vyake. Mzee mmoja alimtania, "Daktari, umelimeza lile koo lako?" Alicheka kidogo akaondoka upesi. Sisi tukaona ni unyenyekevu.

Mtoto alipotimiza mwaka, tulipanga kumshukuru Daktari. Tulipika ndizi za nyama, tukamwalika uani kwa Mama Sekela, tukamtungia wimbo. Mwanzishaji nilikuwa mimi.

"Daktari Asajile, ametulelea mtoto."

Watu wakaitikia, "Ametulelea, ametulelea." Wakamtazama, kwa kuwa ametajwa jina. Hakuitikia. Nikarudia ubeti, nikidhani hakusikia. Akasimama na sahani mkononi, uso umemwiva kama aliyechomwa na jua.

"Naomba mnyamaze," akasema.

Hakuna aliyewahi kuukata wimbo namna hiyo. Tukanyamaza kwa mshangao.

"Ng'ombe wa Mama Sekela hakufa kwa ugonjwa. Nilimuua mimi. Alikuwa ameshapewa dawa, nikamwongezea nyingine. Na ile chupa ya kwanza niliificha, mkanishukuru, nami nikapokea shukrani zenu."

Nilitamani ardhi inimeze, maana nilikumbuka midomo ya jirani yangu ikitetemeka, na sauti yangu ikiwa juu kuliko zote. Mama Sekela alikuwa amempakata mjukuu. Hakuonyesha mshangao.

"Chupa niliiona ikiingia mkobani, mwanangu."

"Uliiona? Mbona miezi saba yote hukusema, Mama?"

"Kila asubuhi ulifika na maziwa ukiwa umeinamisha kichwa. Ningekwambia nini? Nikaona nikisema utaacha kuja."

"Na siku ile yenyewe?"

"Siku ile uliniuliza vizuri, ukaniimbia jina langu kabla sijajibu. Na hawa majirani zangu wakakusaidia." Alitugeukia, nasi tukainamisha macho. "Kinywa kinachoitikia hakisemi lake, Daktari."

Daktari alijifuta macho kwa kiganja. Hakujua aweke wapi ile sahani.

"Sasa niulize tena," Mama Sekela akasema. "Uliza, halafu unyamaze."

Daktari aliiweka sahani chini. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, ng'ombe amepewa dawa yoyote?"

"Amepewa," Mama Sekela akajibu, kwa sauti ya kusikiwa na ua mzima. "Alidungwa alfajiri. Usimdunge tena, mwanangu, ndiye tuliye naye."