Mwavuli wa Marehemu Hanus

Mhunzi asiye na koleo hagusi chuma cha moto, ataungua. Lakini uhunzi haukai kwenye koleo. Unakaa ndani ya mhunzi mwenyewe. Asiyeamini na amsikilize Sunneva.

Sunneva alikuwa mjane wa kijiji cha Hamravík, katika Visiwa vya Faroe. Kila Jumamosi ya majira ya baridi, jua likishazama saa tisa alasiri, aliwafundisha watoto nyota katika chumba cha ukumbi wa kijiji. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, Hanus, pamoja na darubini yake. Ijumaa moja ya Desemba upepo uliinyanyua darubini ile kutoka juu ya ukuta wa mawe kama unyoya, ukaibwaga miambani. Vioo vikawa chengachenga.

Habari haikulala. Asubuhi yake Danjal, kaka wa Hanus na mwenyekiti wa ukumbi, alikuwa mlangoni.

“Pole, shemeji. Sasa nipe ufunguo wa chumba, wenzangu wa karata wanakitaka.”

“Leo Jumamosi. Watoto wanakuja.”

“Waje waone nini? Darubini huna, na mbingu yenyewe wiki nzima imejifunika blanketi!”

“Waje waone nyota.”

Danjal alicheka hata kofia ikamwanguka. “Haya. Wasipoziona leo, ufunguo nauchukua na somo limekwisha.”

“Na wakiziona?”

“Wakiziona, kaa nao mpaka ufe.”

“Nitakaa nao. Tena sina haraka ya kufa.”

Sunneva alifunga mlango, akapiga magoti akasali. Alipoinuka, macho yake yaliangukia mwavuli mweusi uliotundikwa nyuma ya mlango. Hanus aliununua Kopenhagen walipokuwa maharusi, na kijiji kizima kilimcheka, maana huku mvua huja kwa ubavu na upepo hula miavuli kama kondoo alavyo majani. Haukuwahi kufunguliwa nje hata siku moja. Sunneva alichukua sindano ya kufumia, akaanza kuutoboa, tundu kwa tundu.

Alasiri watoto waliingia chini ya mwavuli huo wawiliwawili, taa ya mezani ikimulika kwa juu. Gizani matundu yaliwaka.

“Hizi hapa saba, kama sufuria yenye mkono mrefu, ni za kundi la Dubu Mkubwa,” alisema Sunneva. “Zishikeni hizi mbili za ukingoni mwa sufuria. Zifuateni moja kwa moja, mtafika juu kabisa, mpini wa mwavuli unapokutana na kitambaa. Hapo ndipo penye Nyota ya Kaskazini.”

Kisha akauzungusha mwavuli polepole. Nyota zote zikatembea. Ile ya mpinini haikutikisika.

“Kama bibi kizee kanisani!” alisema Beinta, msichana mwenye mapengo. “Watu wanainuka, yeye kakaa tu.”

“Ndiye huyo huyo,” alisema Sunneva. “Aliyezitundika aliacha moja isimame, ili tusipotee.”

Danjal alikuwa amesimama mlangoni, mkono umenyooshwa kungoja ufunguo. “Hizo ni tundu za mwavuli, shemeji. Mimi nilisema nyota.”

“Basi twende nje,” alisema Sunneva, akatoka na mwavuli mkononi.

Nje giza lilikuwa limeshaingia, upepo ulipiga, mawingu yakikimbia kama kundi lililotishwa. Mara likafunuka dirisha dogo, na ndani yake zikaonekana nyota mbili tu.

“Ukingo wa sufuria!” alipiga kelele Beinta. Vidole vya watoto wote vikanyooka kutoka nyota zile, vikasimama pamoja kwenye wingu jeusi.

“Mnaonyesha nini? Hapo hapana kitu!” alisema Danjal.

“Subiri, mjomba,” walisema watoto.

Walisubiri. Hakuna kidole kilichoshuka. Wingu likajivuta taratibu, na pale pale penye vidole vyao pakawaka nyota moja, imetulia.

Papo hapo upepo ukaupindua mwavuli ndani nje, ukaupokonya, ukautupa baharini.

“Haya!” alisema Danjal, amepata pa kupumulia. “Na Jumamosi ijayo utafundishia nini?”

Sunneva aliutia ufunguo mfukoni, akaupigapiga kwa nje.

“Nyumbani nina sufuria kuukuu, shemeji, na misumari ninayo.”

Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.