Mbiu Isiyonyamaza Mwilini mwa Bi Mwatumu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana hata mwenye kisa mwenyewe hakuukumbuka, paliishi panya mkongwe aitwaye Bi Mwatumu. Aliishi ukutani mwa ghala la mpunga na wajukuu zake watatu, mayatima waliomtegemea kwa kila punje.

Siku moja akirudi na chakula, akakuta matundu mawili. Moja laenda kwa wajukuu, moja latokea kwa paka. Lipi ni lipi? Akaenda kulia, akarudi. Akaenda kushoto, akarudi.

"Jamani, mimi huyu! Njia ya kila siku imenipoteaje?"

Akawaita wakazi wa mwilini mwake. Wakaja watatu: Askari apiganaye na maradhi, Tarishi apelekaye habari za Askari, na Mtunza Kumbukumbu akaaye kichwani.

"Nani kaniibia njia yangu?"

Mtunza akasema, "Si mimi, bibi. Desturi yetu mbiu ikilia kila mtu huacha kazi. Tarishi aipiga asubuhi hadi jioni. Nitaihifadhi njia saa ngapi?"

Tarishi akaruka. "Mbiu ni amri ya Askari! Aliniamuru siku paka alipokuparua mgongo. Ningenyamaza, kidonda kingekuua. Na tarishi hanyamazi mpaka aambiwe. Tena ujanani mwako nilimpelekea Mtunza habari hizi hizi, ila kidogo kidogo, akachangamka, akajua hata njia za majirani. Mbona hakulalamika?"

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hii ililia, na jambo lilikwisha kitambo.

Askari akainamisha kichwa. "Kidonda kilipona, kweli. Lakini nimezeeka pamoja nawe, bibi. Kila unyasi nauona ni ukucha wa paka. Nikisema basi, naye yuko mlangoni, je?"

Bi Mwatumu alimsikia wa kwanza, akamwamini. Akamsikia wa pili, akamwamini. Wa tatu naye akamwamini, maskini, kichwa kikazidi kumzunguka. Akimfukuza Tarishi, nani atapiga mbiu kidonda kingine kikija? Akimfukuza Askari, nani atapigana? Akimfukuza Mtunza, hata majina ya wajukuu yatakwenda naye.

Wajukuu wakaanza kulia kwa njaa. Sauti ikagonga kuta, ikawa yatoka matundu yote mawili. Bibi akainua mguu, asijue auweke wapi.

Haya, nyie wajuaji mliokaa hapa: kati ya hao watatu, nani alimpotezea bibi njia? Semeni upesi, watoto bado wanalia.