Pedali ya Kushoto ya Mzee Bujiku

Pedali ya kushoto haikatai, hufunguka kinyume.

Mmemsikia mama muuza mboga akimwambia mwenzake hivyo, mkacheka, mkaniuliza pedali imeingiaje kwenye ugomvi wa mtu na mkwewe. Kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Huko Usukumani, kwenye kijiji cha wakulima wa pamba, aliishi Mzee Bujiku, aliyesifika ujanani kwa mbio za baiskeli. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, ya zamani, fremu nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka yote. Hakubakiwa hata na jina la bintiye, Kwandu.

Baiskeli ikakaa stoo miaka mitatu. Zilipotangazwa mbio za wanawake, Kwandu akaitoa hadi uani, akaanza kuifufua. Hakumwomba baba ruhusa, angejibiwaje? Akasugua kutu kwa msasa, akaosha mnyororo kwa mafuta ya taa, akakaza spoki. Zikabaki pedali, ambazo ilibidi azifungue, maana golori za ndani zilikuwa zimesagika. Ya kulia ilikubali spana mara moja. Ya kushoto akaizungusha vilevile. Ikagoma. Akaimwagia mafuta, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Ndiyo kwanza ikazidi kukazika.

Alipoinua macho alimwona baba, kitini pale mlangoni pa nyumba, akimkodolea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipunga: nyuma, nyuma, nyuma. Na nyuma ya baiskeli palikuwa na mlango wa stoo.

"Mama," Kwandu akaita, "baba anasemaje?"

Mama akatoka jikoni, akautazama ule mkono. "Nadhani anataka uirudishe, mwanangu. Pengine anaogopa utaanguka."

Kwandu hakuamini. Ni baba huyu huyu aliyekimbia pembeni yake akimshikia tandiko, siku alizojifunza kuendesha. Leo amkataze? Lakini neno la baba ni neno la baba. Akaisukuma hadi stoo.

Mzee akapiga kiti ngumi, machozi yakamtiririka. Kwandu akaitoa tena, mzee akatulia. Kwandu akashika spana, akaizungusha pedali kama mwanzo. Mkono ukaanza upya: nyuma, nyuma.

"Sikuelewi, baba!" Kwandu akalalamika. "Nikiirudisha unalia, nikiitengeneza unanikataza. Nifanye nini?"

Mzee akanyoosha kiganja, akataka spana. Wakambeba na kiti chake hadi kwenye baiskeli. Akaikamatisha spana penye pedali, ikasimama wima, kisha akaivuta kuelekea gurudumu la nyuma. Nguvu hazikutosha. Kwandu akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba, bado hajui wanavuta nini wala kwa nini. Wakavuta pamoja. Chuma kikalia "kwaa", na pedali ikalegea.

Kwandu aliitazama ile pedali, akamtazama baba.

"Kumbe hii inafunguka kinyume cha mwenzake," akasema polepole. "Ulikuwa unanielekeza?"

Mzee akaitikia kwa kichwa, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nami nikasema umenikatalia," akasema mama, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Siku ya mbio Kwandu hakushinda. Alimaliza wa tisa, goti limechubuka, na baba yake ndiye mtu wa kwanza aliyemwona kando ya barabara, ameinua ule mkono wake mzima juu kabisa. Majirani, waliokuwa wamesikia kwamba mzee alimkataza, wakamwuliza binti alimlainishaje mzee yule.

"Sikumlainisha," akajibu. "Hakuwahi kukataa. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha vibaya."

Tangu hapo, mtu wa kule akilalamika kwamba mwenziwe ni mgumu, hamtaki, hasikii, huulizwa kwanza amezungusha upande gani. Pedali ya kushoto haikatai, hufunguka kinyume.