Boriti ya Bi Lubaba

Wamesimulia wakaazi wa milimani, na ujuzi wa mambo yaliyopita uko kwa Mola Mjuzi, kwamba katika kijiji kimoja cha Khurasani aliishi fundi wa mapaa aliyeitwa Dhakwani bin Uqba. Alikuwa mja mnyenyekevu, asiyekosa safu ya kwanza msikitini, na mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa udongo tangu ujana wake.

Nyumba za huko zina mapaa bapa. Juu ya kuta hulazwa boriti, juu ya boriti matete, na juu ya matete udongo uliokandwa pamoja na makapi ya ngano. Theluji ikishaanguka hukaa juu yake miezi mitatu au minne, na uzito wake si wa kuchezewa. Kwa hiyo kila mwaka, zabibu zikishachumwa, watu huanza kuziandaa nyumba zao. Wanawake hujaza mitungi nafaka na matunda makavu, wanaume hupanga samadi iliyokaushwa ya kuwashia moto, nyufa za kuta huzibwa, na kila mwenye nyumba humtafuta fundi aje amkandikie paa kabla mawingu hayajashuka.

Mwaka huo baridi ilibisha hodi mapema. Watu walikwenda kutawadha alfajiri wakakuta maji ya birika yameganda juu, na zabibu za mwisho zilikuwa bado mitini. Dhakwani alikuwa amebakiwa na mapaa sita, mbali na la nyumba yake, ambalo kwa desturi aliliweka la mwisho.

La kwanza katika hayo sita lilikuwa la Bi Lubaba, mjane mfumaji wa mablanketi ya sufu, mtu wa saumu nyingi na maneno machache. Dhakwani alipokuwa akibandua udongo wa zamani aliiona boriti ya katikati imegeuka rangi. Akachomeka kisu chake. Kikazama hadi mpini, wala hakukaza mkono.

Alikaa juu ya paa lile akiwaza. Kuibadilisha boriti ya katikati ni kazi ya siku tatu. Tena boriti yenyewe itoke wapi? Miti ya kando ya mto ilikuwa imekwisha kukatwa, na safari ya kwenda kununua bondeni ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Mapaa matano yalikuwa yanamngoja, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilele tangu asubuhi. Akajiambia kwamba boriti ile imestahimili miaka arobaini, haitashindwa na mwaka mmoja zaidi. Akajiambia pia kwamba hakuna aliyemuuliza habari zake. Basi akaifunika matete mapya, akaikandika, akalisawazisha paa lote kwa jiwe la mviringo mpaka likawa laini kama kiganja.

Aliposhuka, Bi Lubaba alimpa blanketi, ndio ujira waliopatana. Kisha akatazama juu na kumshukuru Mola.

“Mwaka jana nililala mlangoni majira yote ya baridi,” akasema, “kwa kuhofia paa. Mwaka huu nitaliweka godoro langu katikati, karibu na moto. Nitalala salama, ama sivyo, mwanangu?”

Dhakwani alitazama pale katikati, chini kabisa ya ile boriti.

“Inshallah, Mama,” akajibu, akachukua vyombo vyake akaondoka.

Ni neno analolisema Mwislamu mara nyingi kwa siku, lakini safari hii lilimfuata njia nzima hadi nyumbani. Alijua kwamba alikuwa amelitaja jina la Mola wake ili kuficha uongo. Alfajiri iliyofuata alisimama nyuma ya imamu, akarukuu, akasujudu, na katika sala yote hakuona mbele yake ila kisu kinachozama katika mti. Alipotoa salamu hakukumbuka imamu alikuwa amesoma sura gani.

Akarudi nyumbani akamweleza mkewe, Shifaa, jambo lote tangu mwanzo hadi mwisho. Shifaa aliendelea kuchambua dengu mpaka alipomaliza kusikiliza. Wote wawili walijua kwamba katika kijiji kizima ilikuwepo boriti moja tu nzima isiyokuwa juu ya nyumba ya mtu. Ilikuwa imelala uani kwao. Dhakwani aliileta kutoka bondeni wakati wa kiangazi kwa ajili ya chumba chao cha mbele, ambacho paa lake lilikuwa limeanza kubonyea.

“Tuna chumba cha nyuma,” Shifaa akasema mwishowe. “Ukitaka kuipeleka, ipeleke sasa hivi, kabla moyo wangu haujageuka.”

Dhakwani akaifunga boriti kwenye punda, akaiburuta katikati ya kijiji, watu wakimwona. Alimkuta Bi Lubaba mbele ya kitanda chake cha kufumia. Akasimama mlangoni, asithubutu kuingia, akamwambia alichokiona juu ya paa na alivyokifukia. Akaliweka lile blanketi la ujira chini, kizingitini.

Mjane yule aliuweka uzi chini. Kisha akainuka, akalikunja godoro lake lililokuwa katikati ya chumba, akalirudisha mlangoni.

“Jana uliposema inshallah,” akasema, “mimi nilidhani unaniombea.”

Dhakwani akainamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga.

“Panda, mwanangu,” Bi Lubaba akasema. “Mchana ni mfupi siku hizi. Na hilo blanketi ulichukue ukishamaliza kazi, si kabla.”

Akafanya kazi siku tatu mfululizo. Ile boriti ya zamani ilipoteremshwa ilikatika vipande viwili mikononi mwake, ikamwaga unga wa rangi ya kahawa. Bi Lubaba aliutazama unga ule, akamtazama na fundi, akaenda kuleta ufagio.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Imamu wa kijiji, Sheikh Ubaydi, alikuwa amesikia habari za fundi aliyeitoa boriti ya nyumba yake akampelekea mjane, na akapendezwa nazo mno. Baada ya sala akawaketisha watu, akamtaja Dhakwani kwa jina, akasema kwamba hivi ndivyo walivyokuwa wema waliotangulia, wakiwatanguliza wengine kuliko nafsi zao hali wao wenyewe ni wahitaji. Watu wakaitikia, wengine wakamwombea kheri. Waliokaa karibu naye walimshika bega.

Inasemekana kwamba Dhakwani aliiona saa ile kuwa nzito kuliko ile ya mlangoni kwa mjane. Kule alikuwa ametubu, deni lake kwa Bi Lubaba limekwisha, na yeye si mwanamke wa kutangaza aibu za watu. Kunyamaza tu kulitosha. Hata hivyo alihisi kwamba akinyamaza atakuwa amekandika udongo kwa mara ya pili.

Akasimama.

“Sheikh, niwie radhi,” akasema. “Ile haikuwa sadaka. Niliiona boriti iliyooza, nikaifunika, nikashuka nikapokea ujira wangu. Nilichopeleka ni fidia ya khiana niliyoifanya. Msiniombee thawabu. Niombeeni msamaha.”

Wale waliokuwa wamemshika bega wakasogea pembeni. Kisha ukaanza mnong'ono, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kwamba fundi huyu ndiye aliyekandika paa lililo juu ya watoto wake. Haji Mirdasi, mwenye nyumba kubwa kuliko zote na ghala tatu, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye atamleta fundi wa kijiji cha pili. Wale wengine wanne waliokuwa bado wakimngoja wakasema vivyo hivyo. Dhakwani hakujitetea. Aliwaomba tu wale aliowafanyia kazi mwaka huo wamruhusu aingie katika nyumba zao aichome kisu kila boriti, wenyewe wakishuhudia.

Kazi hiyo ilimchukua siku nne. Nyumba nyingine alikaribishwa kwa chai, nyingine alipokewa kwa nyuso zilizokunjwa, na katika moja mwenye nyumba alimfuata boriti hadi boriti bila kumjibu salamu. Hakupata nyingine iliyooza. Alfajiri ya siku ya tano, theluji ikaanguka.

Paa la nyumba yake lilikuwa halijaguswa. Yeye na Shifaa walihamishia mitungi na mbuzi wao wawili katika chumba cha nyuma, na kabla ya juma kwisha, chumba cha mbele kikaporomoka chote kwa kishindo kilichosikika hadi msikitini. Hakuumia mtu. Lakini upepo ukaingia kwa ule upande, na ukuta wa chumba kilichobaki ukaanza kupasuka.

Bi Lubaba akaja mwenyewe akikanyaga theluji, akamkuta Shifaa akiziba ufa kwa matambara. Shifaa aliona haya, akasema hawataki kumwelemea.

“Binti yangu,” Bi Lubaba akamwambia, “nyumba yangu ndiyo pekee hapa ambayo ninajua kila kitu kilichomo juu ya paa lake. Njooni.”

Wakaishi kwake majira yote ya baridi. Shifaa akajifunza kufuma, Dhakwani akawa anasokota sufu, na mara kwa mara alipanda kupakua theluji kwa sepeto la mbao. Kwa muda mrefu hakuna aliyemletea habari ya kazi, na yeye hakumlalamikia mtu.

Theluji ilipoyeyuka, mtu wa kwanza kuja mlangoni alikuwa Haji Mirdasi. Alikuwa amepoteza ngano ya ghala nzima kwa kuvuja, na yule fundi mwingine aliapa kwamba kazi yake haikuwa na kasoro yoyote. Alimwomba Dhakwani aje ayatazame mapaa yake.

Dhakwani akamuuliza, kwa adabu, kama amesahau aliyoyasema siku ile msikitini.

“Sijasahau,” akajibu Haji. “Lakini mafundi wengine makosa yao nimeyajua ngano ilipooza. Lako nimelisikia kwa kinywa chako, mapema. Njoo na kisu chako.”

Ndugu zangu, Dhakwani hakuteremshiwa muujiza. Chumba chake kilianguka kama kianguavyo chumba kisicho na nguzo wala boriti nzima, na baridi ya mwaka ule aliipitisha katika nyumba ya mtu. Alichojaaliwa ni kusimama tena katika safu yake na kusikia imamu anasoma nini. Nasi tumwombe Mola wetu atuwezeshe kukiri tuliyoyakosea tungali na muda wa kuyatengeneza, kwani Yeye ndiye Mwenye kuyaona yaliyofunikwa, na ndiye Mwenye kusamehe.